Akiba Haiozi, Lakini Maziwa Huoza

Mwezi huu safu yetu ni ya kabati, si ya sufuria. Wengi wenu mlioko Buffalo, Columbus na Louisville mmeuliza swali lile lile kwa maneno tofauti: umeme ukikatika au theluji ikiziba mlango, watoto watakunywa nini? Mtu mzima hatushindi. Anaweza kulala na chai ya rangi na kipande cha mkate. Lakini mtoto wa miaka miwili anayelilia maziwa saa nane za usiku haelewi habari za dhoruba.

Tuanze na Buffalo, kwa sababu huko ndiko somo lilikouma zaidi. Asubuhi ya tarehe 23 Desemba 2022, saa tatu na nusu, kaunti ya Erie ilipiga marufuku magari barabarani. Upepo ulifika zaidi ya maili 70 kwa saa. Theluji iliyopimwa uwanja wa ndege ilizidi inchi 50, yaani kama sentimita 130, kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Ndani ya jiji, marufuku ile haikuondolewa mpaka usiku wa kuamkia tarehe 29. Hesabu mwenyewe: karibu siku sita, na Krismasi katikati. Maduka yalifungwa. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yenyewe yalikwama. Waliopoteza maisha katika kaunti ile walikuwa zaidi ya 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine barabarani, wengine katika nyumba zilizokosa moto. Jamii ya Wakongo wa Buffalo nayo ilimzika kijana wake aliyetoka nje kutafuta mahitaji.

Nalitaja hili kwa heshima, si kwa kutisha watu. Kinachouma ni kwamba wengi wetu tungefanya vile vile. Tumelelewa kwamba duka liko hatua chache tu: kwa Mangi, dukani kwa Mpemba, kibandani kwa mama wa jirani. Kitu kikiisha, mtoto anatumwa. Hapa Marekani duka ni safari ya gari, na gari likikwama kwenye theluji ya mita moja, pakiti moja ya maziwa inaweza kumgharimu mtu uhai. Kwa hiyo kabati la dharura lina kazi moja kubwa: kumfanya baba, mama au kijana asiwe na sababu ya kutoka nje.

Msidhani habari hii ni ya theluji tu. Tarehe 14 Septemba 2008, mabaki ya kimbunga Ike, kilichoingia nchi kavu Texas siku moja kabla, yalipita juu ya Kentucky na Ohio yakiwa upepo mkavu mkali. Louisville peke yake zaidi ya wateja 300,000 walikosa umeme, na baadhi yao walikaa zaidi ya wiki nzima gizani. Columbus nayo ilipigwa siku ile ile. Miezi minne baadaye, Januari 2009, mvua ya barafu iliangusha miti na nyaya katika Kentucky, na wateja zaidi ya 700,000 wa jimbo lile wakakosa umeme wakati wa baridi kali. Kisha Juni 2022, Columbus ikiwa katika joto kali la kiangazi, dhoruba iliharibu njia kuu za umeme, na kampuni ikalazimika kuzima mitaa mingi ili njia zilizobaki zisizidiwe. Hapo tatizo halikuwa baridi. Tatizo lilikuwa friji zilizogeuka kuwa kabati la joto.

Na hapo ndipo penye udhaifu wetu. Ingia nyumba nyingi za watu wetu utakuta friza kubwa. Ndani yake mna mbuzi mzima aliyenunuliwa kwa kuchangiana, samaki, sombe au kisamvu kilichotwangwa, na maandazi ya mwezi mzima. Tunaiita akiba, na ni akiba kweli, ila ni akiba inayotegemea umeme. Friza iliyojaa, ikiwa haifunguliwi, hushika baridi kama saa 48. Iliyojaa nusu hushika saa 24. Friji ya kawaida ni saa nne tu. Baada ya hapo nyama, maziwa, mayai na mabaki ya chakula vilivyokaa zaidi ya saa mbili juu ya nyuzi 40 za Fahrenheit, ambazo ni nyuzi 4 za Selsiasi, ni vya kutupa, hata kama havinuki. Bibi zetu walijua akiba ya namna nyingine: kihenge cha mahindi, makopa ya muhogo, dagaa wa kuanikwa, ng'onda wa pwani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichosubiri umeme. Tunachokitafuta leo ni kihenge kinachoingia ndani ya nyumba ya kupanga.

Sasa tuje kwenye maziwa yenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini maziwa huoza, na mapema. Suluhisho ni maziwa ya muda mrefu, yale ya boksi la karatasi yanayokaa nje ya friji. Waliosoma Kenya enzi za Maziwa ya Nyayo, mpango wa shule ulioanza mwaka 1979, wanaikumbuka pakiti ile ya pembe tatu iliyokuwa ikifika mpaka shule zisizokuwa na friji. Watu wengine hudhani maziwa haya yametiwa dawa ya kuzuia kuoza. Hayakutiwa. Kiwandani huchemshwa kwa sekunde chache tu katika joto la nyuzi 135 za Selsiasi au zaidi, kisha hupozwa haraka na kufungwa katika boksi ambalo nalo limesafishwa vijidudu. Boksi lina matabaka ya karatasi, plastiki na karatasi nyembamba ya alumini, kwa hiyo hewa na mwanga havipenyi. Maziwa tunayochemsha wenyewe jikoni hufika nyuzi 100 tu. Hapo vijidudu vingi hufa, lakini baadhi ya mbegu zao hubaki, na sufuria iko wazi. Ndiyo maana ya jikoni huganda kesho yake, na ya boksi hukaa miezi sita hadi tisa.

Kuhusu ladha, Wamarekani wengi hawayapendi kwa sababu yana ladha ya kuchemshwa. Kwetu sisi hilo si kasoro. Tumekua tukinywa maziwa yaliyochemka mpaka yakafanya utando. Yatie kwenye chai yenye tangawizi na iliki, hakuna atakayeuliza yametoka wapi. Ukitaka mtindi, yapashe moto kidogo, tia kijiko cha mtindi ulio hai, yaache mahali penye uvuguvugu. Yanashika vizuri.

Dukani usiyatafute kwenye friji. Mara nyingi hukaa rafu za kawaida, karibu na nafaka za asubuhi, vifaa vya kuokea au maziwa ya soya. Utayakuta kwa majina kama Parmalat na Gossner, na baadhi ya maduka yana chapa yao wenyewe. Angalia saizi. Boksi kubwa ni kama lita moja, dogo ni kama kikombe kimoja. Dogo huwa ghali zaidi kwa kipimo, lakini fikiria hivi: boksi likishafunguliwa, maziwa yale ni sawa na maziwa mabichi. Yanataka friji, na hata humo yamalizwe ndani ya wiki. Friji ikiwa imekufa, una saa mbili tu. Nyumba yenye watoto watano na chai ya saa kumi humaliza lita moja kwa mkao mmoja, basi chukua makubwa. Nyumba ya mama na mtoto mmoja, au mwanafunzi peke yake, achukue madogo.

Tupige hesabu ya familia ya watu watano, wazazi wawili na watoto watatu waliopita mwaka mmoja. Kila mtoto vikombe viwili kwa siku, kila mzazi kikombe kimoja cha kutia kwenye chai. Hivyo ni vikombe vinane kwa siku, vikombe 24 kwa siku tatu. Boksi kubwa moja lina vikombe vinne, kwa hiyo unahitaji maboksi sita. Mashirika ya dharura ya hapa hushauri angalau siku tatu. Kwa mtu wa Buffalo, baada ya yale ya 2022, mimi nasema weka ya wiki moja, na hapo ni maboksi 14. Yanaingia chini ya kitanda.

Maziwa ya unga ni msaidizi mzuri, na kopo la Nido halihitaji kutambulishwa kwa mtu aliyetoka Bukavu au Zanzibar. Yana sharti moja: lazima uwe na maji safi, na ukishayakoroga yanataka friji kama maziwa mengine. Yasiyo na mafuta hukaa muda mrefu kuliko yenye mafuta, kwa kuwa mafuta ndiyo huanza kuchacha.

Hapa naomba kina mama wenye watoto wachanga wasimame kidogo. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi maziwa ya ng'ombe kama kinywaji chake kikuu, yawe ya boksi, ya chupa au ya Nido. Kama ananyonya, endelea kumnyonyesha. Hayo ndiyo maziwa ya dharura yasiyohitaji duka, na wewe mama ndiye wa kwanza kula na kunywa maji katika nyumba ile. Kama anatumia maziwa maalumu ya kopo, weka pia yale yaliyo tayari ya maji, yasiyohitaji kukorogwa, kwa ajili ya siku ambayo maji si salama. Usiyaongezee maji ili yafike kesho. Mtoto hupungukiwa lishe na chumvi za mwili wake huvurugika, anaweza kuugua vibaya. Mtakumbuka mwaka 2022, kiwanda kimoja kikubwa cha Michigan kilipofungwa mwezi Februari, makopo yakapotea madukani miezi kadhaa. Kopo moja au mawili ya ziada, ndani ya tarehe yake, ni ulinzi. Na kwa maziwa haya tarehe ni ya kuheshimiwa: ikipita, usimpe mtoto.

Baada ya maziwa, maji. Kipimo ni galoni moja kwa mtu kwa siku, kama lita 3.8, kwa kunywa na kupikia. Familia yetu ya watu watano kwa siku tatu inahitaji galoni 15.

Kisha chakula kisichohitaji moto, kwa sababu jiko la umeme litakuwa limelala. Hapa kila nyumba ina yake, ila orodha hii ni ya kuanzia:

– samaki wa kopo, dagaa wa kukaangwa, na nyama ya kopo inayokubalika kwa imani yako;
– maharage na njegere za kopo, ambazo zimeshaiva tayari;
– karanga, siagi ya karanga, tende na matunda ya kopo;
– biskuti, mkate mkavu na nafaka za asubuhi za kula na maziwa;
– sukari, chumvi na majani ya chai;
– kifungua kopo cha mkono, maana makopo 20 bila kifungua kopo ni mawe tu.

Wenye jiko la gesi wana nafuu, kwani baadhi ya majiko huweza kuwashwa kwa kiberiti umeme usipokuwepo. Kwao unga wa ugali, mchele na uji navyo vina nafasi. Unga wa sembe hukaa muda mrefu kuliko dona, kwa sababu dona lina kiini cha mahindi chenye mafuta. Ukinunua unga au mchele, uweke kwenye friza siku nne kwanza ili mayai ya wadudu yafe, uutoe upoe mpaka ukauke jasho, kisha uhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana. Mchele mweupe huishi miaka. Ule wa rangi ya kahawia hauvuki miezi mingi.

Mahali pa kuweka ni muhimu kama kitu chenyewe. Tafuta pakavu, penye giza na ubaridi wa kawaida. Gereji ya Louisville mwezi wa Julai ni tanuri. Baraza la Buffalo mwezi wa Januari ni friza: maziwa ya boksi yakiganda hujitenga, na makopo huweza kuvimba na kupasuka maungio. Kama unaweka chini ya nyumba, inua vitu juu ya sakafu. Boksi la karatasi likiguswa na maji ya mafuriko, tupa. Kopo la bati lisilo na dosari linaweza kuoshwa na kutakaswa. Kopo lililovimba, linalovuja au linalofoka unapolifungua ni la kutupa bila kuonja.

Na akiba haikai kama picha ukutani. Kipya kiwekwe nyuma, cha zamani kije mbele. Andika mwezi na mwaka kwa kalamu nene upande unaoonekana. Kila siku ya kwanza ya mwezi toa maboksi mawili ya maziwa yaliyo karibu na tarehe yake, pikia chai, uji au wali wa maziwa, kisha nunua mengine mawili. Ukifanya hivyo hutatupa chochote, na watoto watazoea ladha. Siku ya dharura si siku ya kumzoesha mtoto kinywaji kigeni.

Sasa neno zito kuliko yote niliyoandika. Umeme ukikatika, usiingize jiko la mkaa ndani ya nyumba. Nyumbani tumepika kwa mkaa miaka yote, lakini nyumba zile zilikuwa na matundu, madirisha na paa linalopumua. Nyumba za hapa zimezibwa ili baridi isipite. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, nayo huua watu wakiwa usingizini. Kentucky ilizika watu namna hiyo katika barafu ile ya 2009. Mkaa, jiko la kuchomea nyama na jenereta havikai ndani, havikai gereji, hata mlango ukiwa wazi. Jenereta ikae angalau futi 20 kutoka nyumbani, ielekezwe mbali na madirisha. Wala oveni ya gesi isiwashwe ili kupasha nyumba joto. Ndiyo sababu nimesisitiza vyakula vya kuliwa baridi.

Wengine mtasema, dada, haya yote yanataka fedha. Ni kweli, na fedha ni kidogo. Usinunue kwa siku moja. Kila safari ya dukani ongeza vitu viwili tu: boksi la maziwa na kopo la samaki wiki hii, galoni la maji na maharage wiki ijayo. Kwa wiki 12 una vitu 24, na hukuumia. Maziwa ya boksi yananunulika kwa kadi ya EBT kama maziwa mengine. Na kama chakula ulichonunua kwa SNAP kimeharibika kwa kukatika umeme, ipigie simu ofisi ya kaunti yako ndani ya siku 10. Unaweza kuomba kurudishiwa. Piga picha kabla ya kutupa.

Dharura nyingine haina upepo wala theluji. Novemba 2025, serikali kuu ilipokuwa imefungwa, fedha za SNAP zilichelewa kwa mamilioni ya watu. Kabla ya hapo, sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi katika mpango huo mpaka wapate kadi ya kijani. Nyumba zenye kabati zilipata muda wa kupumua na kupanga. Ukiwa umepungukiwa, piga 211 katika miji yote mitatu, uombe mkalimani wa Kiswahili. Wasambazaji wakubwa wa chakula cha msaada ni FeedMore WNY huko Buffalo, Mid-Ohio Food Collective kwa Columbus, na Dare to Care kwa Louisville.

Je, huku si kuhodhi? Hapana. Kuhodhi ni kukimbilia dukani dhoruba ikishatangazwa na kuzoa rafu nzima, kama tulivyoona Machi 2020. Aliyeweka kidogo kidogo mapema hayumo kwenye msongamano ule. Rafu anamwachia mwenzake aliyefika nchini wiki iliyopita na hana hata sufuria.

Wanafunzi wetu, nanyi msijitoe. Likizo ya Desemba mabweni huwa matupu na kumbi za chakula hufungwa, na wasio na kwa kwenda ndio nyinyi mliotoka mbali. Sanduku moja chini ya kitanda linatosha: maboksi madogo 12 ya maziwa, siagi ya karanga, samaki wa kopo, biskuti, galoni tatu za maji, tochi na betri. Mpe mtu mmoja wa jamii yenu anwani yako.

Mwisho, wazee. Katika kila jengo kuna babu au bibi anayeishi peke yake, asiyesoma Kiingereza, ambaye tangazo la dhoruba litampita. Kikundi chenu cha simu kigawane majina sasa, kabla ya theluji. Tangazo likitoka, kila mmoja ampigie wake shikamoo, amtafsirie, amuulize ana dawa za siku ngapi na maziwa maboksi mangapi. Kama hana, mpelekee jioni hiyo hiyo, barabara zikiwa bado wazi.